Jina la Mtu wa Masha

Mtongwe, Likoni
8 Julai 1991

Kaka Phineas,

Salamu nyingi kutoka kwetu, na hiyo baridi ya Kitale isikuue kabla sijakuua mimi. Sisi wazima. Mchezo wako ndio mahututi, na anayeuua ni mimi.

Jumamosi nilikaa kwenye kiti chako kwa mara ya kwanza. Unavijua viti vya chekechea yangu, magoti yanafika masikioni. Niliweka mbele yangu lile daftari la kanuni ulilotafsiri kutoka kitabu cha Kiingereza alichokuachia yule baharia, na ile dadu ya nyuso ishirini juu ya kitambaa. Masha alikuwa ametoka Kisauni akavuka feri, Faki ameacha cherehani na nguo za watu, Pascalia ametoka zamu zahanati. Watu wazima watatu wamekuja kucheza safari ya kusimuliwa, kila mmoja na karatasi ya mtu wake wa kubuni mkononi, waseme anafanya nini na dadu iamue kama atafaulu, nami nikawasomea tu. Kurasa nne, kaka! Ngome, theluji, mfalme mwenye ndevu. Tulipofika kwenye theluji Faki akauliza, "Mwalimu, hiyo barafu hutembewa kwa viatu gani?" Pascalia akacheka, mimi nikanuna, nikazidi kusoma. Saa kumi Faki akasema ana gauni la harusi la kumalizia. Hana. Harusi za Likoni zote nazijua.

Masha hakulalamika. Aliitia mfukoni karatasi ya mtu wake, yule Nguma, akaniambia "Ahsante, Mwalimu," sauti ya mzazi aliyeitwa shuleni kuambiwa mwanawe kafeli. Hapo ndipo raha iliponitoka. Faki ana marafiki wa kumwaga, Pascalia ana kwaya yake. Masha ana kazi yake ya kiwandani kule Changamwe na ana sisi, basi. Mkewe Kadzo ana mimba ya miezi saba, baada ya kupoteza watoto wawili. Pascalia anasema kwao hakuna anayethubutu kununua hata kitambaa cha mtoto. Zile saa tatu za Jumamosi ndizo anazopata kuvuta pumzi.

Uliniachia kazi hii ulipohamishiwa Kitale, sikuiomba. Basi niambie: ulifanyaje hata chai ikawa inapoa mbele yetu hatuna habari? Tunakutana tena tarehe ishirini. Wakitoka kama walivyotoka juzi, hawarudi tena.

Dada yako,
Mwanamkasi


Kitale
14 Julai 1991

Dada Mwanamkasi,

Theluji! Mimi mwenyewe Mkamba wa Machakos, theluji nimeiona kwenye kalenda ya ukutani tu. Nani alikuambia usome yote? Lile daftari ni la kukalia, si la kusomea. Litie chini ya makalio, kiti kitapanda kidogo na magoti yako yatashukuru.

Sasa sikia. Usiwaambie wanahisi nini. Waambie wanaona nini, kisha uulize, "Mnafanyaje?" halafu unyamaze. Kunyamaza kutakushinda kwa sababu wewe ni mwalimu, ukiona kimya unataka kukijaza. Kiache. Katika kile kimya ndimo wanamoamua. Weka mlango, na nyuma ya mlango weka mtu anayetaka kitu, hata kama ni chumvi. Mtu anayetaka kitu hachoshi. Na mji usiutoe ng'ambo, wewe una Likoni nzima hapo, watu na visa vyao. Kabla ya kuanza mwulize kila mmoja mtu wake anaogopa nini, kisha tembea kuelekea huko polepole. Ukiona wamesogeza viti mbele, katisha. Ndiyo, katisha papo hapo! Watakutukana njia nzima mpaka feri, na watarudi.

Jambo la mwisho nalisema bila mzaha. Dadu irushwe mezani, macho ya wote yaione, na ikianguka imeanguka. Mtu wao akifa, amekufa. Wakijua unawahurumia, siku hiyo mchezo umekwisha. Mimi kwa miaka miwili sikumwokoa mtu hata mmoja.

Msalimie Masha. Usimwonee huruma, haipendi.

Phineas Musyoka


Mtongwe, Likoni
22 Julai 1991

Kaka Phineas,

Walisogeza viti! Nakuandikia nusu nina furaha, nusu nina hofu ya jambo nitakalokueleza.

Nilifanya ulivyosema. Nikawapa mji ambao visima vyake vimekauka, kimebaki kimoja tu, kiko uani kwa bibi mmoja anayetaka kitu. Wakafika mlangoni, wakaanza kupanga jinsi ya kuuvunja. Nikanyamaza. Wallahi, nilijiuma ulimi. Baadaye Pascalia akasema, "Lakini hatujapiga hodi." Faki akapiga hodi kwa sauti ya kitoto, nami nikaitika kwa sauti ya bibi, na kutoka hapo hawakuniona tena mimi, walimwona bibi. Faki akambembeleza kwa dakika kumi amuuzie maji. "Bibi huyu yuwataka nini hasa?" akawa anajiuliza, jasho linamtoka. Yule bibi alitaka mtu wa kuteremka kisimani, kwa sababu mle ndani kuna chatu aliyemmeza mwanawe.

Masha akasema, "Nguma anateremka." Hakushauriana na mtu. Wakamfunga kamba, akashuka, chatu akamshika kiunoni. Nikainua dadu, nikaiona ile midomo mitatu iko wazi, nikairudisha mezani nikasema, "Hadi tarehe tatu." Faki alinitukana mpaka barabarani.

Sasa sikia lililonitoa usingizi. Mwanzoni niliwauliza watu wao wanaogopa nini. Masha akajibu, "Nguma haogopi kitu. Mwenye hofu ni mimi." Tukacheka. Tulipokuwa tunaosha vikombe Pascalia akaniambia huku ameangalia sinki: kwa Wagiriama mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Baba yake Masha ni mzee Nguma wa Kaloleni. Yule mtu wa kwenye karatasi ana jina atakalopewa mtoto aliye tumboni mwa Kadzo, akiwa wa kiume. Na Kadzo miguu imemvimba, presha imepanda, zahanati wamemwambia asinyanyue hata ndoo.

Kaka, mimi nimemning'iniza mtoto wa watu kisimani. Tarehe tatu nikirusha dadu ikaanguka vibaya, nitamwambia nini Masha? Na Kadzo akipatwa na jambo wiki hiyohiyo, nitajiambia nini mimi? Najua ni karatasi. Najua ni kipande cha plastiki. Lakini ulimi unaumba, wakubwa walisema. Nijibu kabla ya tarehe tatu, tafadhali: nimwache afe, au nimwokoe?

Mwanamkasi


Kitale
23 Julai 1991

Dada Mwanamkasi,

Sijapata habari zako lakini najua Jumamosi mmecheza, na nimekaa hapa ghalani katikati ya magunia ya mahindi nikiwawaza. Nimeona nirudie jambo moja, kwa sababu nakujua moyo wako ulivyo laini.

Atakapofika mtu wao mlangoni pa kifo, usimzuie. Mwache afe kifo kizuri. Usikubali machozi ya mtu yeyote, wala sababu ya mtu yeyote, hata iwe nzito vipi. Ukidanganya mara moja utadanganya kila Jumamosi, na utakuwa unakwenda nyumbani umechoka kuliko kuli wa bandarini. Niahidi hilo.

Hapa mvua tu. Nawakumbuka.

Phineas


Mtongwe, Likoni
5 Agosti 1991

Phineas,

Sikuiti kaka leo. Barua yako ilifika Alhamisi. Niliisoma nimesimama posta, mara moja, nikaitia mkobani. Nimekueleza habari ya mtoto wa watu, nawe unanijibu mwache afe kifo kizuri? "Hata iwe nzito vipi"? Moyo wako ni jiwe la kusagia.

Basi sikukutii. Ijumaa Kadzo alilazwa hospitali, na Jumamosi nilidhani Masha haji. Alikuja. Alisema wadini wanaume wanaingia saa ya kutazama wagonjwa tu, na akikaa kwenye lile benchi la nje atapasuka. Alikuwa hajanyoa. Kabla hajafika nilikuwa nimeshaongea na Faki na Pascalia: leo hakuna kifo, na jina la mtoto wa watu lisitajwe karibu na shimo. Wakakubali. Faki alikuwa na hofu kuliko mimi, alikuja na ubani kwenye karatasi.

Nikaanza. Nikasema chatu amelegea mwenyewe, hana njaa. Nikasema kamba imevutwa na mtu wako ametoka. Dadu sikuigusa. Masha akanitazama. "Nani ametoka?" Nikasema, "Mtu wako." Faki akasema, "Shujaa wetu." Pascalia akasema, "Yule bwana." Masha akauliza tena, taratibu, "Anaitwa nani?" Faki akainamia ubani wake, Pascalia akaanza kukusanya vikombe. Nilisikia feri ikipiga honi kule ng'ambo. Akasimama, karatasi akaiacha mezani, akatoka. Viatu alivivaa akiwa njiani.

Leo Jumatatu hatujamwona. Pascalia alikwenda hospitali jana, akaambiwa Kadzo amehamishwa wadi, na alikohamishiwa hakuna wa kumwambia. Sijui kama amejifungua. Sijui kama mtoto yu hai. Sijui nimekosa nini, maana nilimwokoa! Karatasi ya Nguma ninayo hapa kwenye droo ya chaki, na kila nikifungua droo nashtuka.

Mwanamkasi


Kitale
12 Agosti 1991

Dada Mwanamkasi,

Barua zako mbili zimenifikia siku moja, ile ya Julai na hii ya Agosti. Ya Julai ilizurura sijui wapi. Tazama tarehe ya barua yangu: niliiandika Julai ishirini na tatu, sina habari ya kisima wala chatu wala presha ya Kadzo. Sikukujibu wewe. Nilikuwa naongea peke yangu.

Na kwa kuwa umeniita jiwe, ngoja nilivunje. Habari ya jina nilikuwa naijua. Masha aliniambia siku ya kwanza alipoandika karatasi ile, akaniomba nisiseme. Kwa miaka miwili nilimdanganyia dadu. Kila Nguma alipokuwa hatarini nilirusha nyuma ya lile daftari, nikasoma namba ninayoitaka. Mara tisa, nazikumbuka zote. Nilikuwa natoka pale nimechoka kwa uongo, na kila mara nawaza, siku nitakayosema ukweli itakuwaje? Ndiyo sababu nilikusisitizia vile. Sikutaka urithi uongo wangu pamoja na kiti.

Sasa naona nilikuachia vyote viwili bila kukuambia. Nisamehe.

Kwa nini Masha aliondoka, sijui. Mimi nilimwokoa mara tisa na hakuwahi kusimama. Tafadhali nijulishe kuhusu mtoto, kwa simu ya ofisi kama unaweza. Hapa silali.

Kaka yako,
Phineas


Hospitali
13 Agosti 1991

Mwalimu Mwanamkasi,

Salamu. Nakuandikia nyuma ya karatasi ya zamu za kiwanda, nimekaa benchi, na nitampa Pascalia akuletee.

Mtoto amezaliwa Jumapili ya tarehe nne, adhuhuri. Wa kiume. Ni mdogo, Mwalimu. Wamemweka kwenye chombo cha joto, na pembeni kuna kadi imeandikwa Mtoto wa Kadzo. Nilimwambia muuguzi, ana jina huyu. Akasema kwa upole, "Ngojeni kwanza, baba." Shangazi yangu naye anasema ningoje. Kila mtu anangoja aone kama ataishi ndipo amwite.

Wale wawili wa kwanza tulingoja. Tuliwazika asubuhi na mapema, shangazi na mimi, na hawakuwa na jina, kwa sababu shangazi alisema asiyelia haitwi. Sasa nikitaka kuwakumbuka sijui nikumbuke nani. Kadzo akiwaota anaamka anasema, "Wale." Hivyo tu. Wale.

Nilipokuja kwenye mchezo wenu mara ya kwanza Phineas akasema, andika jina la mtu wako, nikaandika Nguma. Sikuwa nataka asife. Nilitaka aitwe. Nguma panda, Nguma kimbia, Nguma mjinga wewe nani alikuambia ufungue hilo sanduku. Faki alikuwa anamtukana sana, nami nafurahi. Nikifika nyumbani, kabla sijavua shati, Kadzo ananiuliza, "Leo Nguma kafanya nini?" Namsimulia mpaka chakula kinapoa. Kwa miaka miwili mwanangu ana watu wanaomjua.

Phineas alikuwa anamwokoa, najua, hana uso wa kudanganya. Sikujali, maana alikuwa anamwita. Nyinyi siku ile mlimwokoa mkakataa kumwita. Nikawatazama mmoja mmoja, nikaona mmeshamzika. Ndiyo sababu nilitoka bila kuaga, na kwa hilo naomba radhi, sikulelewa hivyo.

Najua mlifanya kwa kunionea huruma. Sasa nawaomba kitu kigumu kuliko huruma. Alhamisi saa kumi ni saa ya kutazama wagonjwa. Ndani hawataruhusu, lakini dirisha la chumba chao linatazama njia ya nyuma, karibu na mahali pa kufulia mashuka. Njooni mumwite. Msinong'one. Akikaa, akae anajulikana. Akiondoka, asiondoke kama wale.

Wenu,
Masha wa Nguma


Mtongwe, Likoni
19 Agosti 1991

Kaka Phineas,

Simu ya ofisi yenu inaita haipokewi, basi nakuandikia.

Alhamisi tulikwenda. Nilikuwa na hofu ya kijinga, ya mtu anayekwenda kufanya mtihani. Tukasimama pale njia ya nyuma, maji ya sabuni yanatupita miguuni, tunatazamana nani aanze. Mimi ndiye msimulizi, nikajua ni kazi yangu, nikawa natengeneza buibui tu. Aliyeanza ni Faki. "Nguma! Wewe Nguma, amka, wenzio tumekuja!" Pascalia akafuata, kisha mimi. Tulipiga kelele, kaka, bila haya. Mlinzi alikuja na rungu lake, Masha akamweleza, naye akasimama kando akavua kofia. Kadzo akaja dirishani ameshika ukuta, analia na kucheka. Nyuma yake muuguzi alikuwa ameinama kwenye ile kadi, anaandika.

Ijumaa jioni Nguma alifariki. Aliishi siku kumi na mbili.

Jumamosi, siku yetu, tulikwenda Kaloleni sote watatu. Shangazi alitaka jambo limalizike upesi, kichanga hakina matanga, anasema. Lakini mzee Nguma mwenyewe, baba yake Masha, aliwazuia waliokuwa wakitaka kumteremsha kaburini. Ni mzee mfupi, mkali wa macho. Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa na buibui langu, nikijiona mgeni, nikiogopa hata kukanyaga mahali pasipofaa. Akatutazama watu wote pale akauliza, "Mtoto huyu alikuwa na jina?"

Masha alitugeukia sisi. Sijui ni nani kati yetu aliyetangulia. Faki, Pascalia, mimi, na Kadzo aliyekuwa ameshikwa mikono na wanawake, tukasema kwa pamoja, "Nguma!"

Yule mzee akasogea ukingoni mwa kaburi. Halafu akaitika, kwa sauti kubwa, kwa niaba ya mjukuu wake: "Naam."

Dada yako,
Mwanamkasi